Mtoto akikosea Kiingereza, tumsahihishe namna gani?

Mambo yanayoletwa mbele ya kamati ya msikiti baada ya sala ya Isha ni yale yale ya siku zote: pampu ya maji ya udhu imegoma, mchango wa maziko haujatimia, wanandoa wanahitaji wasuluhishi. Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, liliingia jambo ambalo hatukulizoea. Baba mmoja, fundi wa makochi ambaye hakosekani safu ya mbele, alikuja na daftari la binti yake akiwa amelizungushia gazeti kama mtu aliyebeba majibu ya hospitali. Aliliweka mezani, akatuomba tumsomee kilichoandikwa humo kwa wino mwekundu, kisha tumpe shauri moja: mtoto huyu aendelee na shule, au atafutiwe cherehani?

Tulilifungua. Ilikuwa insha ya Kiingereza yenye sentensi 11, inayohusu familia yake. Wino mwekundu ulikuwa mwingi kuliko wa buluu. Karibu kila neno la tatu lilikuwa limekatwa na juu yake limeandikwa jingine, na mistari miwili ilikuwa imefutwa yote bila maelezo. Chini palikuwa na alama 2 kati ya 20, na pembeni mwa alama hizo neno moja la Kiingereza ambalo hatuoni haja ya kulirudia katika ukurasa wa familia.

Binti huyu alikuwa Kidato cha Kwanza. Darasa la Saba alifaulu vizuri, tena baba alichinja kuku siku majina yalipotoka. Lakini wiki chache baada ya kuingia sekondari alisimama darasani kueleza kazi ya mama yake, akasema "My mother he is selling vitumbua." Wenzake walicheka, na mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo aliitwa "Mama He," na tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena, si katika kipindi cha Kiingereza tu bali katika vipindi vyote. Mzazi msomaji aelewe uzito wa jambo hili. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akifika Kidato cha Kwanza hukuta Biolojia, Jiografia, Historia na Hisabati zote zimegeuka kuwa Kiingereza. Akinyamaza kwa kuogopa "he" na "she," amenyamaza katika Biolojia pia.

Hatukuwa na jibu usiku ule. Tulichokuwa nacho ni chumba cha madrasa, ambacho baina ya Maghrib na Isha hukaa kitupu siku tatu za wiki, na kijana wa mtaani kwetu aliyemaliza shahada ya ualimu akisubiri ajira. Tulimwomba afundishe sarufi ya Kiingereza kwa kujitolea, kamati ikimpa nauli. Wiki ya kwanza walikuja watoto 9. Mwezi wa pili walikuwa 23, wasichana wengi kuliko wavulana, na binti wa fundi makochi akiwa miongoni mwao, ameketi nyuma kabisa karibu na mlango.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Baada ya wiki chache wazazi walianza kukagua madaftari, nasi wajumbe tukakagua pamoja nao, na tulilokuta likatuudhi. Palikuwa na wino mwekundu kidogo sana. Katika ukurasa mmoja uliojaa makosa, mwalimu alikuwa amegusa makosa mawili au matatu, na hata hayo hakuandika jibu lake, aliweka nukta tu pembeni mwa mstari. Mzee mmoja wa kamati alisema wazi kwamba kijana huyu ama hajui Kiingereza ama anatuibia nauli. Tulimwita kikaoni. Hatukumwita kwa ubaya, lakini sauti zetu hazikuwa za mtu anayeuliza ili ajue.

Kijana alikuja na lile daftari la binti, lile lenye 2 kati ya 20, akatuomba dakika 20. Alikuwa amehesabu masahihisho yote mekundu katika insha ile: yalikuwa 31. Kisha akatuonyesha kwamba hayakuwa makosa 31. Yalikuwa makosa manne yaliyojirudia, pamoja na mambo kadhaa ambayo hayakuwa makosa, ni mwalimu wa shule aliyependelea neno jingine.

La kwanza ni lile la "he." Kiswahili hakimuulizi mtu jinsia yake. Tukisema "anauza," ile "a" ni ya mama, ni ya baba, ni ya kaka na ya dada. Mtoto aliyekua na lugha hiyo hajazoea kusimama kila sentensi kujiuliza kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kinamtaka asimame. La pili lilijificha ndani ya sentensi ile ile. Hata kama binti angesema "My mother she is selling," bado kungekuwa na kiwakilishi cha ziada, kwa sababu kwetu "mama anauza" ina "mama" na ina "a," vyote viwili kwa pamoja, na mtoto alikuwa anamtafutia ile "a" mahali pa kukaa katika Kiingereza. Waliomcheka walidhani hajui mama ni mwanamke. Kumbe alikuwa anafuata sarufi kwa uaminifu, ila sarufi ya lugha nyingine.

La tatu lilikuwa "we did not went," na hapa kijana alitufundisha jambo ambalo sisi tuliosoma nahau na sarafa miaka kadhaa chuoni hatukuwa tumeligundua katika lugha yetu. Alituuliza: mnasemaje kwa Kiswahili, "hatukuenda" au "hatukulienda"? Tukacheka. Akasema, basi tazameni. Katika "hatukuenda" kazi ya kuonyesha wakati uliopita imebebwa na "ku," na kitenzi "enda" kimebaki kama kilivyo. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: "did not" ndiyo "ku" yao, na "go" hubaki "go." Mtoto akiandika "did not went" amebebesha wakati mara mbili, sawa na kusema "hatukulienda." Akiambiwa hivyo mara moja, na akaambiwa kwa mfano wa lugha yake, halisahau kirahisi. Akikatiwa "went" kwa wino mwekundu mara 6 bila maelezo, anajifunza tu kwamba "went" ni neno la hatari.

La nne ni vineno "a" na "the," ambavyo Kiswahili hakina kabisa. Katika hilo msaada ulitoka mahali tusipopatarajia. Ustadhi wetu wa madrasa, ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Akasema: lakini watoto hawa wanavijua. Kila siku wanasoma "kitaabun" na "al-kitaabu." Tanwini inakuambia ni kitabu fulani tu, hakijulikani, alif na lam zinakuambia ni kile kitabu tunachokijua mimi na wewe. Kanuni za lugha hizo mbili hazilingani kila mahali, na kijana alitutahadharisha juu ya hilo, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Tangu wiki hiyo "a" ikaitwa tanwini na "the" ikaitwa alif-lam katika chumba chetu.

Kijana alitueleza kwamba wataalamu wa ufundishaji lugha wamelijadili suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1967 Pit Corder, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika makala iliyobadilisha namna makosa ya mwanafunzi yanavyotazamwa. Alitofautisha kuteleza kwa ulimi, jambo linalompata hata mwenye lugha yake akichoka, na kosa lenye utaratibu, ambalo hujirudia kwa sababu mwanafunzi amejijengea kanuni isiyo sahihi. Kosa la namna ya pili, kwa mujibu wake, ni taarifa kwa mwalimu: linamwonyesha mwanafunzi amefika wapi na nini kimebaki. Ukilifuta tu, umeifuta taarifa.

Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti walioufanya Kanada, katika madarasa ya watoto waliokuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa, lugha isiyo yao, hali isiyo mbali sana na ya watoto wetu wa sekondari. Walirekodi walimu wanne kwa takriban saa 18 na kuchunguza kila mara mwalimu alipomsahihisha mtoto. Waligundua namna sita za kusahihisha. Iliyotumika zaidi, kwa zaidi ya nusu ya masahihisho yote, ni ile ambayo mwalimu huirudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooka bila kusema kwamba palikuwa na kosa. Mtoto anasema "Yesterday he go to the market," mwalimu anasema "Oh, he went to the market," na mazungumzo yanaendelea. Ni njia ya upole, haimwaibishi mtu. Tatizo ni kwamba watoto waliitikia chini ya theluthi moja ya masahihisho ya namna hiyo. Mengine yaliwapita, pengine kwa kudhani mwalimu anakubaliana nao. Lakini mwalimu alipoikatisha sentensi katikati na kumwachia mtoto aimalizie, "Yesterday he…?", watoto hawakukosa kuitikia. Si wote waliopata jibu sahihi, ila wote walilazimika kulitafuta.

Mzee wetu wa kamati, yule wa nauli, hakuridhika. Alisema kosa lisilokemewa huota mizizi, na akatoa mfano ambao sote tuliuheshimu. Sibawayh, imamu wa nahau ya Kiarabu, hakuwa Mwarabu, alikuwa mtu wa Uajemi aliyejifunza lugha ya watu. Inasimuliwa katika vitabu vya wasifu kwamba alikuwa akichukua hadithi kwa Hammad bin Salama huko Basra, akaikosea irabu ya neno moja, na sheikh wake akamwambia mbele ya wenzake kwamba amekosea. Akaapa kutafuta elimu ambayo hatakosolewa tena ndani yake, na matokeo yake ni Al-Kitaab, ambacho wanafunzi wa nahau wanakitegemea hadi leo. Mzee akauliza: kama Hammad angeweka nukta pembeni, tungempata Sibawayh?

Kikao kilinyamaza, kwa kuwa hoja ilikuwa nzito. Aliyejibu alikuwa Ustadhi. Alisema habari ya Sibawayh imetufikia kwa sababu alibaki. Walioaibishwa wakainuka wakaenda zao hawakuandikiwa wasifu, wala hatujui idadi yao. Tena Sibawayh alikosolewa neno moja lenye umuhimu, hakukosolewa maneno 31 kwa mpigo.

Kisha akatukumbusha hadithi aliyoisimulia Abu Hurayra, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeingia msikitini akasali sala isiyotimia. Alipokuja kumsalimia Mtume (s.a.w.), alirudishiwa salamu yake, kisha akaambiwa arejee akasali, kwa kuwa hajasali. Akarejea akasali vile vile. Akarudishwa mara ya pili, na ya tatu. Hapo ndipo mtu yule alipoapa kwamba hajui kusali vizuri zaidi ya vile, akaomba afundishwe, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha hatua kwa hatua, tangu takbira hadi kutulia katika kila nguzo. Ustadhi alituuliza: kwa nini hakuambiwa kosa lake mara ya kwanza? Maulamaa wamelijadili swali hilo kwa upana, lakini mwalimu yeyote anaweza kuona alichokiona kijana wetu. Mtu yule alipewa nafasi ya kulitafuta kosa lake mwenyewe, na maelezo yalipokuja yalimkuta ameshayahitaji. Wala hakuachwa azunguke bila mwisho. Alipofika mwisho wa ujuzi wake alifundishwa wazi. Njia ya kumrudisha mwanafunzi ajisahihishe ina mpaka huo, kwamba huwezi kumkamua mtoto jibu ambalo hajawahi kulisikia. Kwa jambo jipya, mwambie.

Hata kusahihisha papo hapo kuna mahali pake. Al-Baraa bin Azib alifundishwa na Mtume (s.a.w.) dua ya kulala, na alipoirudia ili aihifadhi akaweka neno lenye maana ya mtume mahali pa neno lenye maana ya nabii. Akasahihishwa pale pale, neno kwa neno, kwa kuwa alikuwa anahifadhi matini yenyewe. Mtoto anapoghani vitenzi au anaposoma kwa sauti, msahihishe hapo hapo. Anapokusimulia jambo lililompata njiani, mwache amalize.

Mwisho Ustadhi akatutajia kitu ambacho kila aliyepita madrasa anakijua, na ambacho tulikuwa tumekisahau kwa kuwa somo lilikuwa la Kiingereza. Wanazuoni wa tajwidi wameyagawa makosa ya kisomo mafungu mawili, lahn jalii na lahn khafii. La kwanza ni kosa la wazi, kama kubadilisha herufi au irabu, ambalo msikilizaji wa kawaida hulitambua. La pili limefichika: ghuna imepungua kidogo, madda haikutimia kipimo chake, na wanaolijua ni wenye fani. Hakuna fundi wa Qur'ani anayemkalia mtoto wa juzuu ya kwanza kwa lahn khafii. Kwanza husafishwa yaliyo wazi. Kwa nini basi, akauliza, katika Kiingereza tunataka yote yasafishwe siku moja? Mzee wa nauli alitikisa kichwa, akasema aendelee. Kwake yeye hilo ni mengi.

Kijana alituambia pia, kwa uadilifu, kwamba wapo wataalamu wanaopinga hata hicho kidogo anachokifanya. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya mwanafunzi hakumsaidii, tena kunamdhuru, na afadhali kuachwe kabisa. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Katika yaliyofuata, John Bitchener wa New Zealand alichapisha mwaka 2008 utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 75 wa Kiingereza huko Auckland. Hakusahihisha kila kitu. Alichagua jambo moja tu, matumizi ya "a" na "the," na waliosahihishwa jambo hilo waliandika kwa usahihi zaidi kuliko wasiosahihishwa, hata walipopimwa tena miezi miwili baadaye. Sisi si wataalamu wa fani hiyo. Ila tuliona kwamba pande zote mbili zinakataa ule ukurasa mwekundu.

Tusije tukamwonea mwalimu wa shule. Tulipiga hesabu pale kikaoni. Mwalimu mwenye mikondo minne, kila mkondo una wanafunzi 70, ana madaftari 280 kwa insha moja. Akilipa kila daftari dakika 3 tu, ni dakika 840, yaani saa 14 za kusahihisha bila kunywa maji. Anayefanya kazi hiyo usiku, baada ya kutwa ya kusimama, ataandika upesi na pengine kwa hasira, au hatasahihisha kabisa. Kumbe kuweka nukta pembeni na kuchagua kosa moja kwa wiki kunampunguzia na yeye mzigo. Hatuoni sababu walimu wa shule wasijaribu, na tunajua wapo ambao wamekuwa wakifanya hivyo siku zote.

Tuliloliona katika chumba chetu ni hili. Kila wiki ilikuwa na kosa lake. Wiki ya "he" na "she," makosa mengine yaliachwa yapite kama mtu asiyeyaona, na wazazi tukaombwa tuwe na subira. Penye kosa la wiki, nukta iliwekwa pembeni mwa mstari, na mtoto alilitafuta mwenyewe. Akikosa aliulizwa na jirani yake, wakikosa wote wawili ndipo mwalimu aliposema. Kisha sentensi nzima iliandikwa upya. Juu ya hili la kuandika upya kijana hakuwa na masihara. Daftari ambalo halikuandikwa upya lilirudishwa. Alisema masahihisho ambayo mtoto ameyaangalia tu ni kama dawa iliyobaki kwenye chupa.

Sheria nyingine ilihusu kicheko. Anayemcheka mwenzake alitakiwa kusimama na kusema sentensi tano juu ya jambo lile lile. Kicheko kilikwisha katika wiki mbili.

Binti wa fundi makochi alikaa karibu na mlango kwa wiki tatu bila kusema neno. Mwalimu hakumlazimisha. Alikuwa akimwekea nukta zake, naye alikuwa akiandika upya kwa mwandiko mzuri. Siku aliyonyoosha mkono, ilikuwa kueleza kazi ya baba yake, na baada ya wiki zote zile za kujifunza "she" akasema "My father she makes sofas." Chumba kilishika pumzi. Mwalimu akarudia maneno mawili tu, "My father…?", akasubiri. Binti akaziba mdomo kwa mtandio, akacheka mwenyewe, akasema "He! He makes sofas." Tulikuwepo dirishani, tumekuja kuhesabu mikeka. Baadaye kijana alitueleza kwamba kosa lile lilikuwa habari njema, kwa sababu mtoto alikuwa ameacha kutumia "he" kwa watu wote na sasa alikuwa anachagua. Bado alichagua vibaya, lakini alichagua.

Wazazi wengi wametuuliza: na sisi tusiojua Kiingereza, tufanye nini nyumbani? Mama wa binti huyu hajui hata neno, na bado ndiye aliyesaidia zaidi. Akikaanga vitumbua vya alfajiri humwambia mwanawe afungue daftari, amwonyeshe nukta ya jana na amweleze kwa Kiswahili ni ya nini. Mtoto anayeweza kumweleza mama yake kwa Kiswahili kwa nini "did not went" si sahihi amelielewa kuliko anayeweza kulikariri. Kisha humuuliza swali moja: umeandika upya? Hilo linaonekana kwa macho, halihitaji kujua lugha.

Yasiyosaidia tumeyaona pia. Wapo wajomba na kaka waliosoma, ambao mtoto akijaribu sentensi sebuleni humwiga kwa sauti ya puani mpaka nyumba nzima icheke. Wapo wazazi waliopiga marufuku Kiswahili nyumbani, nyumba ambayo hakuna anayekijua Kiingereza, na matokeo yake watoto hawasemi kitu. Ngugi wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa zama zake huko Kenya walivyochapwa au kuvishwa bamba la chuma shingoni kwa kukutwa wakisema Kigikuyu shuleni. Tulidhani hayo yamekwisha. Lakini mwezi uliopita tu mtoto mmoja wa madrasa yetu alitusimulia juu ya kibao cha shuleni kwake kinachozunguka shingo hadi shingo. Msimamo wetu ni kwamba lugha ya mama ndiyo ngazi ya kupandia hiyo nyingine, kama "hatukuenda" ilivyotuonyesha. Mwenye maoni tofauti tunamkaribisha, msikiti ni wa wote.

Binti sasa yuko Kidato cha Tatu. Hatudai kwamba amekuwa bingwa. Zile "a" na "the" bado zinampiga chenga, na kijana anasema zitampiga kwa miaka mingine. Ila ananyoosha mkono, na baba hajazungumza tena habari za cherehani.

Wiki mbili zilizopita tuliandika tangazo la Kiingereza kwa ajili ya wageni wanaokuja kuuona msikiti, tukalibandika mlangoni. Mstari wa mwisho ulisema: "The committee will discuss about every complaints." Baada ya sala ya Alasiri tulikuta nukta mbili za penseli pembeni mwa mstari huo, hakuna kingine. Tuliusoma mara nne. Ile ya "every complaints" tuliiona. Ya pili tuliikosa, ikabidi tumwite mwenye penseli, maana tulishamjua. Alikuja, akaamkia kwa adabu, wala hakutuambia jibu.

"Ustadhi Katibu," alisema, "kwa Kiswahili, kamati inajadili malalamiko, au inajadili kuhusu malalamiko?"

Tulikaa kimya kidogo. Tangazo lilikuwa limeandikwa kwa wino, kwa hiyo ilitubidi tuliandike upya lote.